Pelmen Avuke Kwanza

Bibi Kapitolina alitutajia masharti yake ya kuhama siku ile ile tuliyopewa funguo za nyumba mpya. Alisimama barazani kwenye baridi bila kofia, ili tuone kwamba hatanii.

Sharti la kwanza lilikuwa kwamba Mzee wa Nyumba aje naye. Huyu ni yule asiyeonekana, akaaye nyuma ya jiko na kulinda nyumba, na humhamishi kwa gari bali kwa buti la sufu. Unaliweka buti karibu na jiko, unamwalika kwa adabu, unasubiri kidogo, unalibeba. Hilo halikuwa na taabu.

Taabu ilikuwa sharti la pili. Bibi hatatia mguu kwenye nyumba mpya mpaka mnyama awe amevuka kizingiti kabla ya watu, kwa hiari yake, bila kubebwa wala kusukumwa. Hapa Perm, Urusi, kila mtu hutanguliza paka. Sisi hatuna paka. Mke wangu Tonya akikaa chumba kimoja na paka huvimba macho kama aliyepigwa ngumi.

"Tuazime paka kwa siku moja," nilisema.

"Paka wa kuazima huleta bahati ya kuazima," Bibi alijibu. "Kesho yake mwenyewe anakuja kuichukua."

"Na mnyama akikataa kuingia?" Tonya aliuliza.

"Akikataa, nyumba ni mbaya. Ninyi kaeni, ni vijana, mnavumilia. Mimi nakwenda Kungur kwa Glafira."

Glafira ni mdogo wake. Hawajawahi kukubaliana hata namna ya kumenya kiazi. Lakini Bibi akisema Kungur, ni Kungur. Bibi huyu ndiye aliyemlea Tonya tangu hajaota meno, na nyumba yetu ya zamani, ya mbao, ghorofa mbili na jiko la matofali, ilikuwa imeandikiwa kubomolewa. Maji yalikwishakatwa. Hapakuwa na pa kurudi.

Bibi akageuka taratibu kuelekea kisanduku cha kioo kilichoonekana ndani ya dirisha.

"Na huyu je?"

Ndani ya kisanduku, Pelmen alikuwa amejibandika kwenye kioo akikwangua ganda la yai.

"Bibi, huyu ni konokono," nilisema.

"Ana macho?"

"Anayo. Kwenye ncha za pembe."

"Anakula?"

"Kutuzidi sisi."

"Ana nyumba?"

"Si ndiyo hiyo ameibeba."

"Basi. Paka anajua nini kuhusu nyumba? Paka ni mpangaji tu. Huyu ni mwenye nyumba tangu siku aliyotoka kwenye yai."

Nilifikiri sana kutafuta kasoro katika hoja hiyo, sikuiona.

Pelmen nilipewa na mwanamke mmoja niliyemtengenezea mashine ya kufulia. Alikuwa mdogo kama ukucha, kwenye kopo la mtindi. Sasa ni mkubwa kuliko ngumi yangu, na akijinyoosha anafika kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Nimejifunza kumtunza kama nilivyojifunza mashine za kufulia, kwa kuangalia sana na kusema kidogo, isipokuwa konokono hafunguliwi. Mababu zake walitoka nchi za joto, ambako nasikia wakulima wakimkuta kwenye mboga humrusha ng'ambo ya ua huku wakimlaani. Hapa, ambako theluji hulala mpaka Aprili, ana taa yake ya joto, ana udongo wa makumbi ya nazi uliotoka mbali kuliko sisi sote, na ana bibi wa miaka themanini wa kumkatia tango.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Siku ya kwanza Bibi alisema, "Niondolee hilo kamasi lenye kofia." Mwezi uliofuata nilimkuta anatazama tamthilia kwenye televisheni na Pelmen akiwa juu ya mkono wake, naye anamweleza nani kamwacha nani. Jina pia ni lake. Alipojikunja ndani ya gamba, Bibi alisema anafanana na pelmen, kile kiandazi cha nyama tunachokichemsha huku kila mwenye nyumba akidai cha kwao ndicho cha asili.

Siku ya kuhama theluji ilikuwa inayeyuka na ua wote ulikuwa supu. Wabebaji walikuja wawili. Ildar alikuwa Mtatari mnene mwenye sauti ya sokoni. Mwenzake Kuzma alikuwa mrefu, mwembamba, na hakusema neno hata alipoangukiwa na meza kidoleni.

Vitu vilipokwisha kupakiwa, tuliketi sote kimya juu ya chochote kilichobaki, kama inavyopasa kabla ya safari. Kuzma alisinzia. Kisha Bibi akachuchumaa mbele ya jiko na buti la sufu.

"Mzee wetu," alisema, "kiti cha safari hiki hapa. Sufu safi, nondo hajaigusa. Ingia twende."

Tukasubiri. Bibi akaliinua buti.

"Kaingia."

"Umejuaje, mama?" Ildar aliuliza.

"Limekuwa zito."

Ildar aliomba alishike. Akalipima mkononi, akakunja uso.

"Kweli. Na mimi uzito naujua, ndiyo kazi yangu."

Pelmen nilimtia kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye majani ya letusi, na ndoo nikaitia ndani ya koti langu. Bibi alikuwa na buti kwapani na sanduku dogo mkononi. Sanduku hilo hakukubali lipakiwe na mengine. Ndani yake mlikuwa na nguo za kulalia, dawa za presha, na zawadi ya Glafira. Basi la Kungur huondoka jioni. Tonya aliliangalia sanduku lile njia nzima.

Nyumba mpya iko ghorofa ya nne. Lifti ilikuwa ndogo kwa kochi, kwa hiyo Ildar na Kuzma walilipandisha kwa ngazi, na kwa kuwa lilitangulia, likawa la kwanza kufika mlangoni. Nyuma yake likaja kabati, friji, magodoro, na ule mti wa Bibi wa kwenye chungu, vyote vikapanga foleni kwenye ngazi kuteremka hadi ghorofa ya pili. Tonya alifungua mlango akiwa nje, akausukuma kwa ncha ya mwavuli. Ukumbi mweupe, mtupu, unaonukia rangi. Hakuna aliyeingia.

"Haya," Bibi alisema. "Mtangulize."

Nilimweka Pelmen sakafuni, hatua moja kabla ya kizingiti.

Pelmen alikuwa amejifunga. Baridi ya njiani ilimfanya ajivute mpaka ndani kabisa, na mlangoni kwake palibaki kijingozi cheupe tu. Tulimtazama. Ildar alishusha pumzi, akakaa kwenye kochi.

"Jamani, huyu yuko hai?"

"Yuko hai. Amesikia baridi."

"Hata mimi nimesikia baridi, mbona nafanya kazi?"

Mlango wa jirani wa mbele ukafunguka sentimita chache ukagonga kochi. Kikatokea kichwa chenye mvi na miwani.

"Mnahamia hapo ndani, au mnahamia ngazini?"

Huyo alikuwa Eduard Zakharovich, dereva mstaafu wa basi la umeme. Tonya alimweleza, kwa haraka na kwa aibu, kwamba tunasubiri konokono avuke kwanza. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Konokono," alisema. "Na nani mwenye wazo hilo?"

"Mimi," Bibi alisema. "Kapitolina Savelyevna."

"Kapitolina Savelyevna, marehemu mke wangu alitanguliza jogoo. Aliingia, akalala chini ya dirisha, cherehani ikawekwa hapo, na mke wangu akashona mpaka siku ya mwisho. Sicheki. Mnahitaji nini?"

"Maji ya vuguvugu," nilisema.

Tulisogeza kochi mlango wake ufunguke, akayaleta kwenye bakuli la supu, akiwa ameyapima kwa ndani ya kifundo cha mkono kama anayeogesha kitoto. Nilimmwagia Pelmen kidogo kidogo juu ya gamba. Kijingozi kililainika. Ukatokea unyevu kidogo, halafu kidoa cha kahawia, halafu pembe moja ndefu yenye jicho kwenye ncha, ikachungulia huku na huku kama periskopu.

"Aaah," walisema watu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wameongezeka. Mama mmoja wa ghorofa ya tano alikuwa amekaa kwenye kochi letu na kikombe chake cha chai, na nyuma yake watoto watatu kwenye ngazi kama kwenye sinema.

Eduard Zakharovich, ambaye sasa alijiona mwenyeji, aliingia kwake akarudi na sahani. Juu yake palikuwa na tango la chumvi, refu, limekatwa vizuri. Alikuwa amekwisha kuinama nalo puani kwa Pelmen niliporuka na kumdaka mkono.

"Hapana! Chumvi ni moto kwake, mzee wangu. Inamkausha mpaka anakufa."

"Mungu wangu! Nilitaka kumkaribisha tu."

"Tango bichi anapenda."

"Bichi sina." Akalitazama tango lake kwa huzuni, akalila mwenyewe.

Bichi tulikuwa nalo, lakini lilipaswa liwe ndani, mbele ya Pelmen, ili limvute. Nani aliweke? Mtu asiingie. Na kunyoosha mkono juu ya kizingiti, Bibi alisema, ni kutafuta ugomvi wa mwaka mzima.

"Tulitupe basi," Ildar alisema. "Nilicheza mpira wa kikapu shuleni."

Kipande cha kwanza kiligonga ukuta mpya, kikabandika, kikateremka taratibu kikiacha mstari. Cha pili kiliruka ukumbi wote kikapotelea jikoni. Watoto walipiga miluzi. Cha tatu kilitua hatua mbili ndani ya mlango, kikazunguka, kikatulia. Ngazi zote zilipiga makofi, na mama wa ghorofa ya tano alimwaga chai kwenye kochi letu.

"Akivuka kabla chai ya mama huyu haijapoa," Ildar alitangaza, "friji naibeba peke yangu!"

Pelmen alinyoosha shingo. Akaanza kwenda.

Wasiomjua husema konokono ni mvivu. Ni kwamba hawajamtazama kwa kutulia. Mguu wake wote unatembea kwa mpigo, mawimbi madogo yakipita chini yake, na gamba juu linayumba kama mzigo wa mtu anayejua kubeba. Kuzma aliinama karibu kabisa, mdomo wazi. Tonya alinishika kiganja. Pelmen akafika kizingitini, akainua kichwa, akashusha vile vipembe vyake vifupi vya kunusia, akagusa mbao.

Akajivuta ghafla kama aliyeungua. Akageuka.

"Ooooh," walisema kwenye ngazi.

"Hajaona vizuri," Tonya alisema haraka. "Awekwe tena."

Nilimweka tena. Akaenda, akagusa, akajivuta, akageuka. Safari hii povu dogo lilimtoka. Sikuthubutu kumtazama Bibi. Na nilipokuwa sithubutu, Pelmen alishika njia nyingine kabisa. Alizunguka mguu wa kochi, akapita kati ya viatu vya Kuzma, akafika kwenye mlango wa Eduard Zakharovich, akapanda kizingiti cha pale bila wasiwasi wowote na kuteremkia ndani.

Watoto walishangilia. Wakubwa walimgeukia Bibi.

"Karibu," Eduard Zakharovich alimwambia Pelmen kwa unyonge. "Lakini mimi sikutangaza chumba."

Nilimrudisha. Bibi Kapitolina alikuwa amesimama, buti kwapani.

"Tonya. Nipe sanduku langu."

"Bibi!"

"Umemwona. Kakataa mara mbili, halafu kaonyesha na mlango mwingine. Aseme na mdomo?"

"Bibi, huyu huyu jana alikuwa anajaribu kula kifungo cha koti langu! Leo ndiye mshauri wa nyumba?"

"Alikionja, akakiacha. Anajua kizuri na kibaya."

"Kapitolina Savelyevna," jirani aliingilia, "nyumba ni nzuri, mimi nakuhakikishia. Nimewasikia mafundi miezi yote wakiitengeneza. Hawakutukana sana."

"Ahsante, Eduard Zakharovich. Wewe ni mtu mwema, na konokono amekuthibitisha." Kisha akaliinamia buti. "Mzee wetu, utusamehe. Safari bado."

Tonya hakubisha tena. Alikaa juu ya mkono wa kochi akaanza kulia bila sauti, machozi yakishuka tu, na Ildar, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa anatania watoto, akavua kofia yake akaikunja mikononi.

Mimi si mtu wa kubishana. Mteja akiniambia mashine imekufa, sisemi ndiyo wala hapana. Natazama inasimama wapi. Nikajiuliza, Pelmen anasimama wapi? Kwa jirani alivuka. Kwetu alienda kwa hamu, pembe nje, mpaka pale pale, upana wa kidole, si mbele yake wala nyuma yake. Kama angeikataa nyumba, angeikataa tangu mbali. Alichokataa ni mbao ile.

Nikapiga magoti, shavu karibu na sakafu. Kizingiti kilikuwa cha mbao nyeusi. Juu yake, kwenye nyufa, palikuwa na vumbi jeusi kama masizi. Nililigusa kwa kidole kilicholowa nikakitia kidole ulimini.

"Chumvi," nilisema.

"Nimelila lote!" Eduard Zakharovich aliinua mikono, uma bado umo mkononi. "Hakuna tone lililodondoka!"

"Si yako, mzee. Hii ni nyeusi. Nani kaweka chumvi nyeusi hapa?"

Tonya aliacha kulia. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni.

"Mimi," alisema.

"Wewe?" Bibi alishangaa.

"Bibi, si ulinituma mwenyewe! Juzi, nilipokuja kujaribu funguo. Ulinipa kile kimfuko. Ukasema nisimame nje, ninyunyize kizingitini, niseme yale maneno."

"Ile ni chumvi ya Alhamisi Kuu," Bibi alisema kwa ukali, akinigeukia mimi. "Nimeichoma mwenyewe jikoni mwaka jana kabla ya Pasaka, na mkate wa shayiri nyeusi, mpaka ikawa mkaa. Ni kinga. Si chumvi ya kutilia kabichi."

"Najua, Bibi," nilisema. "Lakini Pelmen hajui. Kwake yeye ni chumvi iliyoungua tu."

Bibi alifikiri. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kizingitini, yakaenda kwa Tonya.

"Na maneno uliyasema sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Yaseme."

Tonya alisimama wima kama mwanafunzi.

"'Asipite hapa anong'onaye. Asipite mwenye kijicho. Asipite atambaaye.'"

Tulisikia friji ikilia kidogo kwa uzito wake pale chini. Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wote walimtazama Pelmen, aliyekuwa kwenye kiganja changu, pembe zote nne nje, akitusikiliza.

Kuzma, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alikohoa.

"Imefanya kazi," alisema.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama wa ghorofa ya tano, kwa sababu kochi lilitikisika. Ildar alijipiga mapaja akilia, "Atambaaye! Atambaaye!" Watoto walitambaa kwenye ngazi wakipiga kelele kwamba hawaruhusiwi kupita. Eduard Zakharovich alilazimika kushikilia mlango wake. Na Bibi alikuwa amekaza midomo, kidevu kinatetemeka, mashavu yanajaa, mpaka alipopasuka, akacheka akiwa ameinama, mikono magotini, na buti likamponyoka kwapani.

"Mzee!" alipiga kelele.

Watu watano walijirusha. Ildar alilidaka buti hewani, akaanguka nalo juu ya kochi, akalishika kifuani kama golikipa.

"Yumo," alisema akihema. "Bado zito."

Kicheko kilipopoa, Tonya alikuwa amekwisha kuloanisha kitambaa kwenye bakuli.

"Basi naifuta, Bibi. Anapita, yamekwisha."

"Usiiguse."

Alisema polepole tu, lakini Tonya alisimama.

"Ile ndiyo chumvi ya mwisho ya jiko lile," Bibi alisema. "Mama yangu alichoma humo, na mimi nimechoma humo kila mwaka. Wiki ijayo watalivunja kwa mashine. Ukifuta, hakuna nyingine."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilifikiri kuifagia na kuikusanya, lakini kizingiti hakifagiliwi, hata mimi najua, unafagia na bahati. Ikibaki, Pelmen havuki. Pelmen asipovuka, Bibi havuki. Na si mimi wala Tonya tulioweza kumwamulia. Tonya alikiweka kitambaa chini, akarudi nyuma.

Bibi alilichukua buti kwa Ildar. Akalisogeza sikioni.

"Kasemaje?" Ildar alinong'ona.

"Anasema miguu imemfa ganzi humu ndani," Bibi alisema, "na anauliza kama mlinzi wa nyumba ni yeye au chumvi."

Akampa Tonya buti. Akafungua fundo la kitambaa chake cha kichwani, kile cha sufu chenye maua mekundu, akakivua. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesimama kama za mtoto aliyeamka.

"Eduard Zakharovich, maji yako bado ya vuguvugu?"

"Nakuongezea, Kapitolina Savelyevna!"

Akapiga magoti mwenyewe, polepole, tukitaka kumsaidia naye akitukatalia kwa kiwiko. Akafuta kizingiti kutoka upande mmoja hadi mwingine, ufa kwa ufa, kwa upande wake wa nje, midomo ikicheza. Alichokisema hatukukisikia. Akafuta tena, na tena, mpaka mbao ikang'aa. Kitambaa kikawa cheusi. Hakukikamua. Alikikunja kilivyo, akakitia mfukoni mwa koti, na koti likaanza kuchuruzika.

"Haya, mwenye nyumba," alimwambia Pelmen. "Sasa usinitie aibu."

Nilimweka chini. Akanyoosha pembe. Akaenda. Ngazi nzima ilishika pumzi, na mtoto mmoja akaambiwa apenge kamasi baadaye. Akafika kwenye mbao. Akashusha vipembe. Akagusa.

Akagusa tena.

Akapanda. Gamba likaegemea nyuma, likasita, likapita, na mguu wake ukashuka upande wa pili kama ulimi mrefu unaoramba nyumba yetu mpya.

Sijawahi kusikia kelele kama ile kwa ajili ya mnyama yeyote. Watu wa ghorofa ya saba walifungua milango kuuliza nani kafunga bao. Tonya aliruka na buti, Bibi akamkemea asimtikise Mzee, akamnyang'anya, akavuka kwa mguu wa kulia. Na mimi, ambaye sipendi kelele, nilijikuta nimemkumbatia Kuzma.

"Friji!" Eduard Zakharovich alipaza sauti. "Nani alisema atabeba friji peke yake?"

"Chai imepoa," Ildar alisema.

Mama wa ghorofa ya tano alitia kidole kikombeni. "Kilichobaki hapa bado kina joto."

"Subirini kwanza," Bibi alisema kutoka ndani. "Msiingize kitu. Hatujajua atalala wapi."

Ildar alikaa tena kwenye kochi.

"Jamani. Kuna sehemu ya pili?"

Ilikuwepo. Pale mnyama anapochagua kulala ndipo kitanda cha mkubwa wa nyumba kinapowekwa, na Bibi hakuwa mtu wa kufuata nusu ya desturi. Pelmen alilifikia tango, akalila lote bila haraka, tukisikia meno yake yakikwangua. Kisha akaingia chumba kikubwa chenye dirisha la jua, kile ambacho Tonya alikuwa amekipimia mapazia yetu sisi wawili, akapanda ukuta. Akapanda, akapanda, akafika karibu na dari, akajivuta ndani, akatulia.

Tulimtazama, vichwa vyote nyuma.

"Hapo," Bibi alisema.

"Bibi, hapo ni ukutani," Tonya alisema.

"Chini yake, mjinga wewe. Mimi ni popo?"

Ildar alibeba friji peke yake. Aliibeba akitukana kwa Kitatari, na Kuzma akimfuata nyuma kwa mikono iliyonyooshwa, bila kuigusa. Sufuria ya kwanza kuwekwa kwenye jiko jipya ilikuwa ya pelmen, na watu wote wa kwenye ngazi walikula wakiwa wamesimama, na watoto waliuliza kama si vibaya kula jamaa za mtu akiwa anatazama kutoka darini. Basi la Kungur liliondoka. Zawadi ya Glafira ilikuwa ni chokoleti, tukaila pia. Sanduku Bibi alilisukuma kwa mguu chini ya kitanda.

Mstari unaong'aa wa Pelmen bado upo kwenye ukuta wa chumba hicho, sasa cha Bibi, kutoka sakafuni hadi juu. Bibi haruhusu mtu aufute. Na kile kitambaa chenye maua mekundu alikitundika juu ya mlango wa mbele, kwa ndani, kikakaukia hapo. Ni kigumu kama ubao, na ukikigusa kinakuachia chembe nyeusi kwenye vidole.

Jioni ile, nilipokuwa nafunga bawaba ya mlango, nilimwona Bibi amesimama chini ya kitambaa hicho, Pelmen mkononi, akiyasema upya yale maneno.

"Asipite hapa anong'onaye," alisema. "Asipite mwenye kijicho."

Akamtazama Pelmen.

"Atambaaye na apite. Ila apanguse mguu kwanza."